Kiuno cha fundi cherehani: mwongozo kamili wa kutuliza mgongo unaouma kwa kukaa sana

Ukitaka kujua fundi cherehani amekaa muda gani, usimtazame anaposhona, mtazame anapoinuka. Anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anasogea hadi ncha ya stuli, anainuka nusu, anaganda hapo kama aliyesahau alichokuwa anakifuata, kisha ananyooka kidogo kidogo, mkono mmoja kiunoni. Nimeinuka hivyo miaka mingi. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge hapa Tanga, na kila ikifika Januari au kumi la mwisho la Ramadhani nakaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku.

Siku kiuno kiliponikamata sikuwa nimebeba gunia wala ndoo. Nilikuwa naokota bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa mashine. Iliviringika chini ya meza, nikainama upande bila kutoka kwenye stuli, na kitu kikakaza pembeni ya uti wa mgongo kama uzi uliovutwa ghafla kwenye kitambaa. Wanafunzi wangu wawili ndio walioninyanyua. Zahanati niliyokimbilia waliniambia ni figo, bila hata kupima mkojo, wakanidunga sindano siku tano. Maumivu yakapungua, yakarudi baada ya mwezi, nikadungwa tena. Mchezo huo ulienda karibu mwaka mzima, hadi daktari mmoja aliponielekeza chumba cha fiziotherapia, matibabu ya viungo kwa mazoezi.

Binti niliyemkuta humo alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza. Akaniamkia, nikamwitikia, akanikalisha. Nilitegemea aniulize nakaa saa ngapi. Yeye akauliza, "Mama, kwa siku unainuka mara ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Chooni mara mbili, chakula, adhuhuri, alasiri, kumpima mteja mmoja au wawili. Vidole vya mikono miwili havikuisha. Akaniambia mgongo wangu haujavunjika wala haujasagika, umechoka kushikiliwa mahali pamoja. Yote yanayofuata hapa yanatoka kwenye jibu hilo, na kwenye yale niliyojaribu mwenyewe nikayaona yanafaa au hayafai.

Kwanza hakikisha ni mgongo wa kukaa

Maumivu ya kukaa yana tabia zake. Yapo chini ya mgongo, usawa wa mkanda wa suruali, na mara nyingine yanashuka hadi kwenye makalio. Yanaongezeka kadiri unavyokaa, yanauma zaidi wakati wa kuinuka, halafu yanalegea ukitembea hatua kadhaa. Ukilala ukaupata mkao wako, yanatulia.

Figo haina tabia hiyo. Maumivu yake yapo juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, na hayajali kama umekaa, umesimama au umegeuka. Mara nyingi huja na homa, kichefuchefu, mkojo unaochoma au wenye damu. Kipimo cha mkojo ni cha bei nafuu, kwa hiyo mtu akikwambia una figo, mwombe apime mkojo kwanza kabla hujatoa mkono wa sindano.

Kuna dalili ambazo ukiziona unaacha kusoma hapa na kwenda hospitali:

- Ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, mkojo kugoma kutoka, au mkojo na haja kubwa kutoka bila kujijua. Hii ni dharura. Usisubiri kesho.
- Mguu kukosa nguvu, unaburuza unyayo au kiatu kinavuka bila wewe kuhisi.
- Homa, jasho jingi la usiku, kukonda bila sababu, kikohozi kisichoisha. Kifua kikuu hakiishii kwenye mapafu, huingia pia kwenye pingili za mgongo, na kwetu huku hilo si jambo la kulipuuza. Anayeishi na mifugo na kunywa maziwa yasiyochemshwa amweleze daktari hilo pia, kwa sababu brusela nayo hushika mgongo.
- Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali, au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.
- Maumivu yanayokuamsha usiku na hayabadiliki ulale vyovyote vile.

Kama hakuna hata moja, tulia. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wenye maumivu ya chini ya mgongo, karibu 9 hawana ugonjwa wala jeraha moja linaloweza kunyooshewa kidole kuwa ndilo chanzo. Mwaka 2020 shirika hilo hilo lilihesabu watu milioni 619 duniani wenye maumivu haya. Hauko peke yako.

Kinachotokea ndani ukikaa

Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama kijifuko chenye ute mzito ndani. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, chakula chake inakinyonya kutoka pembeni, kama dodoki. Dodoki ukilikandamiza linatoa maji, ukiliachia linanyonya. Usipolikandamiza wala kuliachia halifanyi lolote. Misuli ya kiuno nayo, ikishikilia kiwiliwili kwa saa nne bila kubadilisha, inafanya kazi kama mkono ulioshika kikombe cha chai kwa saa nne. Kikombe ni chepesi, lakini mkono utauma tu.

Miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya diski za watu walio hai, akaona mgandamizo unapanda mtu akikaa kuliko akisimama. Tangu hapo tumehubiriwa kukaa wima kama askari wa gwaride. Halafu utafiti uliotoka Ujerumani mwaka 1999 ukamweka mtu mmoja wa kujitolea kipimo cha aina hiyo kwa siku nzima, akala, akalala, akacheka nacho. Mtu huyo alipokaa amejiegemeza kizembe kwenye kiti, mgandamizo ulikuwa mdogo hata kuliko aliposimama. Mtu mmoja hafungi kesi, lakini mimi kilinitosha kuacha kujilaumu kila ninapolegea. Legea, kisha kaa wima, kisha egemea, kisha simama. Ubaya ni kubaki kwenye mkao mmoja tu.

Hatua ya 1: kiuno kikikamata, siku tatu za mwanzo

Usijifungie kitandani. Zamani ndivyo walivyoshauri, na bado utamsikia jirani akisema lala wiki nzima usitikisike. Kulala kwa siku nyingi kunadhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Lala kidogo, tembea kidogo.

Mkao wa nafuu ni huu. Lala chali kwenye mkeka, pandisha miguu yote miwili juu ya kiti cha plastiki au kochi, magoti yakunjike kama umekaa, ndama zikipumzika juu ya kiti. Mikono tumboni. Kaa hapo dakika 10. Weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, au kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, chini ya kiuno kwa dakika 15 hadi 20. Kipime kwanza kwa ndani ya mkono, maana mgongo wenye maumivu unaweza kuungua bila kujua.

Kuinuka ndiko kunakotoa watu machozi, kwa sababu wanataka kuinuka kwa tumbo. Jigeuze ubavu kwanza, mabega na nyonga pamoja kama gogo. Sogeza magoti yatoke nje ya kitanda. Sasa teremsha miguu sakafuni huku unajisukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu. Miguu inashuka, kifua kinapanda, kiuno hakifanyi kazi. Kila saa ukiwa macho, zunguka nyumba mara mbili tatu hata kama ni kwa kujikokota.

Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita. Kurudi kazini hakungoji maumivu yaishe yote. Ukiweza kukaa dakika 20, shona dakika 20.

Hatua ya 2: kiti, meza na macho

Hapa ndipo nilipojifunza mengi, na karibu yote hayakugharimu kitu.

Anza na sindano. Fundi wengi tunaweka stuli katikati ya meza kwa sababu ndivyo meza inavyoonekana kutaka, lakini sindano haipo katikati, ipo kushoto. Kwa hiyo kutwa nzima kiwiliwili kimepinda. Hamisha stuli hadi pua yako itazamane na sindano. Siku ya kwanza utajiona wa ajabu na goti la kulia litatafuta kanyagio. Likishazoea, hutarudi nyuma.

Kisha urefu. Kaa, lisha kitambaa kama unashona, mwambie mtu akutazame kwa ubavu. Viwiko viwe usawa wa kitanda cha mashine, pale kitambaa kinapopita, au juu yake kidogo. Kama mabega yamepanda kuelekea masikioni, stuli ni fupi. Kama umeinamia kazi kama anayechungulia kisimani, basi ama umekaa juu mno ama umekaa mbali. Nyonga ziwe juu kidogo kuliko magoti, nyayo zote zigande chini au kwenye kanyagio. Mimi niliongeza mto mgumu wa sentimita 5 kwenye stuli, na mabonge ya mbao chini ya miguu miwili ya nyuma ya meza ili meza iinamie kwangu kidogo. Shingo ilishukuru kabla ya kiuno. Mabonge yawe mapana na yenye kishimo cha kushika mguu, mashine isije ikateleza.

Ukitumia kiti cha plastiki, kiangalie vizuri. Kimeteremka nyuma, makalio yanazama, mfupa wa nyonga unabiringika na mgongo unapinda wenyewe hata ukijitahidi. Dawa yake ni mto uliojaa zaidi upande wa nyuma, ulale sawa na ukingo wa mbele wa kiti. Halafu kishonee roli la kiuno, na hapa fundi una bahati, maana malighafi imejaa sakafuni:

Kata kitambaa kigumu, jinzi au kaki ya sare, sentimita 40 kwa 38. Kata na duara mbili zenye kipenyo cha sentimita 14. Unganisha kipande kwenye ule upande wa sentimita 40 kiwe bomba, ukiacha sentimita moja na nusu ya mshono, na uache uwazi wa kiganja katikati ya mshono huo. Shona duara kila mwisho, geuza, kisha jaza mabaki ya vitambaa yaliyokatwa vidogo. Shindilia hadi ukilibana kwa mikono miwili lizame kidogo tu. Funga uwazi kwa mkono. Weka kamba mbili za kufungia kwenye kiti. Roli likae kwenye kile kibonde cha kiuno, juu ya mkanda, na si chini kwenye makalio. Likikuchoma, punguza mabaki.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hata yule binti hakuliona mara moja. Nilikuwa nimepita miaka 40. Uzi ulikuwa haupenyi tundu la sindano hadi niuinamie karibu kabisa, na mshono mweusi juu ya kitambaa cheusi niliukagua pua ikigusa mashine. Nilidhani ni taa. Nikabadilisha taa, nikaileta upande wa kushoto, chini kiasi cha kumulika sindano bila kunipiga machoni, ikasaidia nusu. Nusu nyingine ilikuwa miwani. Macho karibu ya kila mtu huanza kushindwa kuona vitu vya karibu kuanzia miaka ya arobaini, na anayeshona huinamisha mgongo kufidia macho. Kapime macho kabla ya kununua kiti cha gharama.

Hatua ya 3: bobini ikiisha, simama

Wataalamu hushauri kuinuka kila nusu saa au zaidi kidogo. Ushauri mzuri, lakini saa ya simu ikilia katikati ya kola, nani atasimama? Unaizima. Nilijaribu wiki mbili nikaizima wiki mbili.

Kilichonifaa ni kufunga kuinuka kwenye kazi yenyewe. Bobini ikiisha, nasimama. Sijazi bobini nyingi mapema nikazipanga mezani tena. Naijaza moja, nyingine ziko kwenye rafu ya ukutani. Pasi nimeihamishia upande wa pili wa chumba, na kila mshono unaotaka kufunguliwa kwa pasi unanitoa kwenye stuli. Kukata nakata nimesimama, meza ya kukatia ifike usawa wa juu ya nyonga, mguu mmoja nikiuweka kwenye kigoda kifupi na kubadilisha. Wateja nawapokea nimesimama. Kuna mteja mmoja mzee alidhani namfukuza, ikabidi nimweleze.

Ukishasimama, fanya hivi kabla ya kurudi: miguu ipanuke kidogo, viganja viwili nyuma ya kiuno, vidole vikitazama chini. Jikunje kwenda nyuma taratibu ukiegemea viganja, macho yatazame juu ya mlango, rudi. Mara tano hadi kumi. Inachukua nusu dakika. Likiwepo zoezi moja tu utakalolikumbuka katika maandishi haya, liwe hili.

Na bobini ikianguka, usiinamie upande. Toka kwenye stuli, piga goti moja, iokote.

Hatua ya 4: mkeka, dakika 15 kwa siku

*Kujiinua kifudifudi.* Mwaka 1956, huko Wellington, New Zealand, mgonjwa wa mtaalamu wa viungo Robin McKenzie alilala kifudifudi kimakosa kwenye kitanda ambacho upande wa kichwani ulikuwa umeinuliwa. Alikuwa na maumivu ya kiuno yaliyoshuka mguuni kwa wiki kadhaa. McKenzie alipoingia akashtuka, lakini mgonjwa akamwambia hajawahi kujisikia vizuri namna ile. Kutoka hapo ukazaliwa mtindo wa matibabu unaotumika dunia nzima. Lala kifudifudi dakika mbili, mikono ubavuni. Kisha jiegemeze kwenye viwiko dakika mbili. Kisha weka viganja chini ya mabega, nyoosha mikono polepole, kifua kipande, lakini nyonga zibaki zimelegea kwenye mkeka. Shuka. Mara kumi.

Soma mwili wako hapa. Maumivu yakiwa yanatoka mguuni na kurudi kukusanyika kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo, uko njia sahihi. Yakiteremka kuelekea gotini au unyayoni, acha. Na wapo ambao kujikunja nyuma hakuwafai kabisa, hasa wazee ambao miguu huwa mizito wakitembea wima na hupata nafuu wakiinama, kwa mfano wakisukuma baiskeli au mkokoteni. Hao walale chali wavute magoti kifuani, na wamwone mtaalamu.

*Kufungua nyonga.* Kukaa kunafupisha misuli ya mbele ya nyonga. Piga goti la kulia juu ya mto, mguu wa kushoto mbele umekunjwa. Bana kalio la kulia, kisha sogeza mwili mbele kidogo bila kupinda kiuno. Utahisi mvuto mbele ya paja. Sekunde 30, badilisha, mara mbili kila upande. Usipobana kalio, utapinda kiuno na zoezi litakuwa bure.

*Daraja.* Chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Bana makalio, inua nyonga hadi mwili unyooke kutoka bega hadi goti. Hesabu tano, shuka. Mara kumi. Ukihisi inakaza nyuma ya paja kuliko kwenye kalio, sogeza nyayo karibu nawe.

*Mkono na mguu.* Piga magoti na viganja kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo usiyumbe. Mwanafunzi wangu huniwekea rula ya kukatia juu ya kiuno, ikianguka nimeyumba. Sekunde nane hadi kumi, badilisha, mara sita kila upande. Zoezi hili ni moja ya matatu ambayo Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ameyasisitiza kwa miaka mingi.

*Rukuu ya ukutani.* Anayeswali analijua nusu yake. Simama hatua moja fupi mbele ya ukuta, umeupa mgongo. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma hadi yaguse ukuta, mgongo umenyooka. Rudi. Mara kumi. Huku ndiko kuinama kunakotoka kwenye nyonga, kama wanavyoinama mama zetu wakipalilia, ambao wanaweza kuinama asubuhi nzima huku sisi tunashindwa kuokota sindano.

Maumivu madogo ya misuli siku mbili za kwanza ni ya kawaida. Maumivu makali ya kuchoma yanayodumu zaidi ya saa chache yanasema umezidisha.

Hatua ya 5: tembea

Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo karibuni. Waliopewa mpango wa kutembea, lengo likiwa kufikia dakika 30 mara tano kwa wiki, pamoja na maelekezo ya kitaalamu, walikaa kwa wastani siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wasiopewa mpango walikaa siku 112. Hakuna mashine, hakuna ada. Mimi nashuka kituo kimoja kabla ya changu nikienda sokoni kununua nyuzi, na kurudi natembea njia nzima. Anza na dakika kumi.

Dawa, mikanda na picha

Panadol tunayoimeza wote ilipimwa Australia kwa watu wenye maumivu mapya ya kiuno, matokeo yakatoka 2014: haikuwaponesha haraka kuliko kidonge kisicho na dawa. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kusaidia kwa siku chache, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au ujauzito asizimeze bila kuuliza. Mwezi mzima wa diklofenaki ya duka la mtaani, ambao nimeuona kwa mafundi wenzangu, ni kuhamisha ugonjwa kutoka mgongoni kwenda tumboni. Tramadoli na jamii yake, zile dawa kali za maumivu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo unashauri zisitolewe kama kawaida. Mwongozo huo haupendekezi pia ile mikanda ya kiuno inayotundikwa kwenye maduka ya dawa. Nilinunua wangu. Siku hizi unafungia mafurushi ya vitambaa.

Dawa ya kuchua haina neno, ukifurahia mkono wa mtu mgongoni. Ila asikukanyage mgongo wala kukuvuta hadi ulie.

Picha ya mgongo ya hospitalini nayo ina mtego. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ulikuta kwamba katika watu wa miaka 20, asilimia 37 wana diski zilizoanza kuchakaa, na kwa wa miaka 80 ni asilimia 96. Kwa hiyo karatasi ikisema diski imechakaa, huenda inaeleza umri wako tu. Kama huna dalili za hatari za pale juu, fedha ya picha ilipie vipindi vya fiziotherapia.

Kwa dereva, bodaboda na karani

Dereva: sogeza kiti ukanyage klachi bila goti kunyooka kabisa, na toa pochi mfuko wa nyuma, inapindisha nyonga. Ukifika mwisho wa safari, zunguka gari kabla ya kuinua mzigo. Bodaboda: mgongo unaumizwa na mtikisiko kama unavyoumizwa na kukaa, kwa hiyo shokamzoba zilizokufa ni suala la afya. Ukisubiri abiria, subiri umesimama. Karani: skrini iinuliwe juu ya vitabu hadi mstari wa kwanza uwe usawa wa macho, na simu iliyopigwa ipokewe umesimama.

Usiku na asubuhi

Ukilala ubavu, mto kati ya magoti. Ukilala chali, mto chini ya magoti. Mambo ya kulala sakafuni au kwenye ubao yaache: jaribio la Hispania lililochapishwa 2003 lililinganisha magodoro, na lenye ugumu wa kati lilifaa kuliko gumu sana. Godoro lililobonyea katikati ligeuze, kichwani kuje miguuni, na likishindikana pande zote basi limeisha.

Usiku diski hunywa maji na asubuhi zimejaa, ndiyo maana kiuno huamka kigumu na hakipendi kukunjwa. Kuepuka kuinama katika saa za mwanzo baada ya kuamka kumeonekana kupunguza maumivu. Mazoezi ya kugusa vidole vya miguu alfajiri, sifanyi. Kwanza natembea hadi dukani kuleta mkate, napasha chai, nakunywa nimesimama mlangoni. Kudeki ni baadaye, kwa fagio la mpini mrefu.